Magari ya zamani na magari ya ajabu: lipi klasiki, lipi mkweche tu?

Leo siandiki siasa, hizo ziko kila kona. Leo ni magari.

Wiki iliyopita braza alinipigia simu kutoka Moshi. "Mdogo wangu, yule mtu wa chuma chakavu kaja tena kulitazama pijo la mzee. Ananunua kwa kilo. Mama naye anataka nafasi yake pale uani. Nimjibu nini?" Nikamwambia, "Kaka, nipe wiki mbili kwanza." Akacheka. "Wiki mbili za nini? Gari lina miaka tisa halijawashwa!"

Pijo lenyewe ni Peugeot 504 stesheni wagoni. Marehemu mzee wetu aliinunua mkononi kwa mtu, na sisi watoto wanne tumekulia kwenye viti vyake vya nyuma. Nalipenda lile gari, sio siri. Lakini mimi kulipenda sio sababu ya kumnyima mama uwanja wake. Kwa hiyo nimekaa nikaandika ninayoyajua kuhusu magari ya kale na yale ya ajabu ajabu, nione kama lina hoja yoyote ya kujitetea. Nawamegea na nyie, maana najua wako vijana humu wanashusha picha za magari ya zamani kutwa nzima na muda wa kafe unakatika, halafu hawajui wanaangalia nini.

KLASIKI NI NINI HASA?

Siku hizi kila mwenye gari lililochoka anasema "hii klasiki, bwana". Hapana. Kuna shirikisho la kimataifa la magari ya kale linaitwa FIVA. Wao wanasema gari la kihistoria liwe na umri usiopungua miaka 30, liwe limetunzwa katika hali sahihi ya kihistoria, na lisiwe la usafiri wa kila siku. Sharti la kwanza nakubali. La pili nakubali kwa shingo upande. La tatu ndo linanichekesha. Kwetu huku gari la mwaka 1975 linaweza kuwa limebeba mkungu wa ndizi leo asubuhi. Sasa litanyimwa heshima kwa sababu bado linafanya kazi?

Mimi nina maswali yangu mawili. Moja, je, gari hili lilijaribu jambo ambalo mengine hayakuthubutu? Mbili, je, fundi wa kawaida mwenye spana za kawaida anaweza kulirudisha barabarani? Likipata ndiyo kwa swali la kwanza, ni gari la ajabu na linastahili kukumbukwa. Likipata ndiyo kwa yote mawili, hilo ndo klasiki. Likikosa yote ni mkweche, muuzie mtu wa chuma.

PEUGEOT 504, NA SABABU ZA WAZEE KUIPENDA

Ilitoka mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Umbo lake walilichora Pininfarina wa Italia, ndiyo maana taa zake za mbele zimekaa kama macho ya mtu anayekutazama kwa dharau kidogo. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Ufaransa waliacha kutengeneza saluni mwaka 1983, lakini huku Afrika gari halikuwa na habari hiyo. Kenya ziliendelea kuunganishwa mpaka 2004, na Nigeria nao wakaendelea kupita hapo. Yaani vijana wa Ulaya walishaanza kuiona 504 kwenye makumbusho, sisi bado tunainunua mpya!

Kwa nini? Watu wanajibu haraka, "ni ngumu". Jibu halitoshi, Land Rover nayo ni ngumu lakini ukisafiri nayo kutwa unashuka kiuno kinalia. Siri ya 504 ni kwamba ni ngumu halafu laini. Saspensheni yake ina mwendo mrefu, tairi linashuka shimoni na kupanda bila wewe kurushwa kwenye dari. Stesheni wagoni ndo kiboko. Waliirefusha ikawa na nafasi ya viti mistari mitatu, na nyuma wakaweka springi nne badala ya mbili. Ndiyo maana Kenya iliteka barabara za matatu za masafa marefu, Nairobi kwenda Nakuru na kuendelea mbele. Abiria hakuwa anasema anapanda matatu, alisema anapanda Peugeot.

Halafu injini. Silinda zake za petroli hazikuchongwa moja kwa moja kwenye bloku. Ni slivu, zimekaa kama vikombe na maji yanapita kwa nje. Zikichakaa unazichomoa, unaweka mpya na pistoni zake, bloku inabaki ile ile. Huhitaji kusafiri mpaka mji mkubwa kutafuta mashine ya kuchonga. Fundi makini anaisuka injini ya 504 chini ya mwembe na kesho yake unaondoka. Gari lililobuniwa Ufaransa, lakini utafikiri aliyelichora aliwahi kulala Same gari likiwa bovu.

Na sisi tuliwahi kulala huko, au tuseme karibu. Nilikuwa darasa la tano, tunatoka Moshi kwenda Tanga msibani. Kabla ya Hedaru jiwe likagonga tangi, petroli ikaanza kuchuruzika. Mzee akasimama, akatuambia sote tushuke na tukae mbali. Akamwomba mama sabuni ya mche aliyokuwa anapeleka msibani. Akaikata kipande, akaikanda na maji kidogo mpaka ikawa kama ugali, akaziba. Tulifika Tanga usiku, msibani wakashangaa kwa nini sabuni imepungua. Najua kitaalamu sabuni haiyeyuki kwenye petroli, ndiyo maana inaziba, ni dawa ya madereva wote wa zamani. Ila kwa mtoto wa darasa la tano ule ulikuwa muujiza. (Msijaribu mkiwa na sigara mdomoni, tafadhali.)

MAGARI YALIYOPATA JINA KWENYE TOPE

Huwezi kuzungumzia klasiki za Afrika Mashariki ukaiacha Safari Rally. Ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia 1960 ikaitwa East African Safari, na mwaka 1974 jina likafupishwa, ikabaki Safari Rally ya Kenya peke yake. Ilikuwa ya Pasaka, yaani msimu wa mvua, na ule udongo mfinyanzi mweusi ukilowa hauangalii bei ya gari.

Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza zaidi ya 90, yakamaliza 7 tena! Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na gari lilikuwa Peugeot 404, mama yake 504. Katikati hapo, 1966 na 1967, 404 ikashinda tena mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa anaishi Tanzania. Hiyo ni mara nne ndani ya miaka sita. Kwa hiyo mzee wako akisema "pijo haliangushi", hakuwa anapiga porojo za kilabuni.

Lakini hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya 1965. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliingia na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Kampuni iliitumia kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia, yeye akaichukua mkononi, akaitengeneza, akaondoka wa kwanza kwenye mstari na kurudi mshindi. Nduguye Jaswant alikuwa pembeni yake. Gari la mtumba likayapiga ya kiwandani! Volvo ile ina mgongo wa mviringo, ukiiona kwenye picha unadhani ni gari la babu wa kwenda kanisani. Baadaye Singh alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, na watu wakaanza kuwaamini Wajapani.

Kabla ya hapo Datsun walishafungua mlango. Datsun 240Z, ile ya boneti refu na silinda sita kwa mstari, ilishinda 1971 na 1973. Hiyo ya 1973 ilikuwa noma. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden walimaliza na pointi sawa kabisa za adhabu. Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikwenda umbali mrefu zaidi kabla ya kuadhibiwa. Akaja kushinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 kwa Datsun ndogo ya kawaida, jumla mara tano. 240Z ni gari zuri kweli, lakini ukiniuliza mimi, nitachukua hiyo ndogo. Ile ndefu imeshakuwa ya matajiri, mtu anainunua, anaifunika shuka, basi.

Safari Rally iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 na ikarudi 2021. Na tangu 2003 kuna mashindano mengine kabisa ya magari ya zamani, East African Safari Classic. Huko utayakuta haya yote yanapigwa mavumbi upya, sio kufunikwa shuka.

Volkswagen Beetle siielezi sana, inajulikana. Ilishinda Safari 1954, 1957 na 1962, injini iko nyuma na inapozwa kwa hewa, hakuna rejeta ya kuchemka. Ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwezi Julai 2003, zaidi ya milioni 21 zikiwa zimetengenezwa. Land Rover ilianza 1948, na bodi ikawa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita. Shida ya vita ikawapa gari ambalo bodi yake hailiwi na kutu kirahisi. Chasisi ni chuma lakini, na hiyo inaliwa vizuri tu, msidanganyike.

SASA YALE YA AJABU

Hapa ndo watu wananigombeza, kwa sababu nayapenda mengine ambayo yalishindwa.

Citroën DS ilionyeshwa Paris mwezi Oktoba 1955 na siku ya kwanza tu ikapata oda 12,000 hivi. Chini yake hakuna springi za chuma. Kuna maboli yenye gesi na mafuta. Ukiwasha, gari linajiinua taratibu kama ngamia. Pampu moja inahudumia saspensheni, breki, usukani, na kwa matoleo mengi hata kubadilisha gia. Mwezi Agosti 1962 watu walimvizia Rais de Gaulle kule Petit-Clamart, karibu na Paris, wakalimiminia risasi gari lake, matairi yakapasuka, na DS ikaendelea kukimbia mpaka wakatoka salama.

Sasa swali langu la pili: fundi wa chini ya mwembe? Hapo DS inaanguka. Pampu ni moja, kwa hiyo mafuta yakivuja pakubwa unakosa vingi kwa mpigo. Na yale mafuta yenyewe, ya mwanzo yalikuwa mekundu, ya baadaye ya kijani, na ukiyachanganya mpira wote wa ndani unaharibika. Naivulia kofia, lakini siiingizi kijijini.

NSU Ro 80 ya Ujerumani inanisikitisha kuliko zote. Ilitoka 1967, Gari la Mwaka 1968, umbo lake ukiliona leo utadhani ni la miaka ya 1990. Injini yake ni ya Wankel, haina pistoni za kupanda na kushuka, ina rota ya pembe tatu inayozunguka. Kimya, nyepesi, tamu. Tatizo sili za kwenye zile pembe zilikuwa zinaisha mapema, na kampuni ikawa inabadilishia wateja injini nzima kwa gharama yake. Mwaka 1969 NSU ikamezwa na Volkswagen na kuunganishwa na Audi. Inasimuliwa kwamba wenye Ro 80 walipokutana barabarani walionyeshana vidole kuhesabu injini walizokwisha kubadilisha. Mazda hawakukata tamaa na wazo hilo hilo, na mwaka 1991 wakashinda Le Mans kwa injini ya rota. Kwa hiyo wazo halikuwa la kijinga, aliyelitangulia ndo alilipa bili.

Trabant nayo watu wanaicheka tu. Lilikuwa gari la Ujerumani Mashariki, wale wale waliosaidia kujenga maghorofa ya Michenzani kule Zanzibar. Bodi yake ni plastiki ngumu ya mabaki ya pamba na gundi. Injini ina silinda mbili, unachanganya oili na petroli kama pikipiki za zamani. Tangi liko juu ya injini, petroli inashuka yenyewe, pampu ya nini? Geji ya mafuta nyingi hazina, unachovya kijiti. Watu walisubiri zaidi ya miaka kumi kupata moja, na zilitengenezwa zaidi ya milioni 3 kati ya 1957 na 1991. Inatoa moshi, ina kelele, hilo sikatai. Lakini fundi baiskeli anaweza kuitengeneza. Kwa kipimo changu, Trabant ni klasiki kuliko DS. Haya, nitukaneni.

Na BMW Isetta, ile ya kama yai, mlango uko mbele usoni? Michoro yake ilitoka kwa kampuni ya Italia iliyokuwa inatengeneza mafriji. Kabla hujacheka, kumbuka umefika mjini kwa bajaji.

YA KWETU

Mwaka 1986 Rais Moi aliwapa Chuo Kikuu cha Nairobi changamoto: tengenezeni gari la Kenya. Wakatengeneza. Yalikuwa matano ya majaribio, yakaitwa Nyayo Pioneer, na kwenye majaribio yalifika kilomita 120 kwa saa. Yakazinduliwa mwaka 1990, likaanzishwa shirika la kuyazalisha kwa wingi, halafu fedha hazikupatikana. Hakuna mtu aliyewahi kwenda dukani akanunua Nyayo.

Wengi wanalitaja kama kichekesho. Mimi hapana. Wale wahandisi walijibu swali waliloulizwa. Ila gari moja la majaribio unaweza kulichonga kwa mkono. Gari la kuuza linataka taa elfu, vioo elfu, raba za milango elfu, na mtu wa kuvileta kila mwezi kwa miaka ishirini. Hapo ndipo palipokuwa na pengo, sio kwenye akili. Huku Tanzania Shirika la Nyumbu kule Kibaha, la jeshi, lilichagua lori na sio saluni, na naona walifikiri vizuri zaidi, maana lori halidaiwi urembo. Uganda nao, Makerere walitoa Kiira EV ya umeme mwaka 2011, watu wawili tu ndani. Mwaka 2050 wajukuu watabishana kama ni klasiki, nami sitakuwepo kuwaamua.

UKITAKA KUNUNUA LA ZAMANI

Usianze na injini. Najua ndivyo tunavyofanya, boneti juu, "hebu piga stata". Injini inasukwa, bodi haisukwi. Inua mikeka ubonyeze sakafu kwa kidole gumba. Tazama pale shokapu za mbele zinaposhikia juu, na kingo za chini ya milango. Soma namba ya chasisi kwa macho yako na uilinganishe na kadi. Kama kadi haipo na mwenye gari anakuambia "itakuja", ondoka. Usidhani utaagiza jingine nje kirahisi: Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania unalipa ushuru wa ziada kwa uchakavu.

Na spea zinazosumbua sio unazozifikiria. Pistoni za 504 utapata. Utakachotafuta mpaka uchoke ni kioo cha mbele kisicho na ufa, raba za madirisha na vioo vya taa. Mimi niliwahi kuuziwa raba "za 504 kabisa" na duka moja, nikazisafirisha mpaka Moshi, kufika zinapwaya kama shati la kuazima.

Haya, turudi uani kwa mama. Jumamosi nilikwenda mwenyewe. Nikabonyeza sakafu: upande wa dereva kidole kimepita, nikaona majani. Kwingine kote pagumu. Pale juu kwenye shokapu pazima. Namba ya chasisi inasomeka, kadi ipo kwenye sanduku la mzee, imefungwa kwenye nailoni pamoja na risiti za plagi za mwaka 1991. Fundi mmoja mzee wa jirani akachomoa plagi, akamimina oili kidogo kwenye silinda, tukaacha usiku kucha. Asubuhi akashika feni kwa mikono miwili, akasukuma. Injini ikazunguka.

Braza alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mdogo wangu, kuzunguka sio kuwaka." Kweli kabisa. Mama yeye akauliza kitu kimoja tu, kama linaweza kuzunguka basi linaweza pia kusogezwa kule nyuma ya banda la kuku, apate kuanika kahawa yake. Tukajaza upepo tairi tatu, la nne tukaazima kwa jirani, tukalisukuma watu saba.

Mtu wa chuma ameambiwa arudi baada ya Krismasi. Sakafu nimeshapata fundi wa kuchomea. Kinachonikwamisha sasa ni kioo cha taa ya nyuma, upande wa kushoto, cha stesheni wagoni na sio cha saluni, haviingiliani. Mwenye nacho, au anayejua gereji yenye 504 imelala mahali, aandike hapo chini. Bei tutaelewana.